Chama cha wafanyakazi kinamfanyia nini muuguzi siku ambazo hakuna mgomo?

Sista wa Zamu ya Usiku ameuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni muuguzi wa wodi ya uzazi katika hospitali moja ya kaunti hapa Kenya, ambayo sitaitaja, na huu ni mwaka wangu wa pili katika kandarasi ya miaka 3. Siku niliyoripoti kazini nilipewa rundo la karatasi za kujaza, za benki, za bima na za ushuru, na katikati yake mlikuwa na Fomu S, ambayo karani alinieleza kwa ufupi kwamba ni ya watu wa chama na kwamba ningeweza kuiacha. Niliiacha. Nilikuwa na mkopo wa masomo wa kulipa na mdogo wangu alikuwa akisubiri karo, kwa hiyo sikuona sababu ya kukatwa pesa kila mwezi kwa ajili ya mgomo ambao huenda usitokee.

Miezi miwili na siku kadhaa zilizopita, vichupa 6 vya oksitosini, dawa ya kuzuia kuvuja damu baada ya kujifungua, vilionekana kupungua kwenye friji ya wodi. Usiku uliohusika tulikuwa wauguzi 2, na mwenzangu aliitwa kumsindikiza mgonjwa kwa ambulensi hadi hospitali ya rufaa, nikabaki peke yangu na akina mama 19, wanne kati yao wakiwa na uchungu. Mmoja alivuja damu nyingi baada ya kujifungua. Nilimchoma dawa kwanza, nikaacha kuandika hadi baadaye, na siwezi kuapa kwamba kila kichupa nilichokivunja kiliingia kitabuni. Baadaye nilipokea barua ya kunitaka nijieleze ndani ya saa 48, kisha nikaitwa ofisini, ambako nilikuta watu 5 wameketi upande mmoja wa meza na kiti kimoja upande wangu. Baada ya maswali ya kama dakika 20 nilitia sahihi karatasi iliyosema kwamba nakiri uzembe na kwamba thamani ya dawa ikatwe kwenye mshahara wangu. Pesa zenyewe si nyingi, lakini neno "uzembe" liko kwenye faili langu, na kandarasi yangu itakapokwisha ni faili hilo litakalofunguliwa.

Mwenzangu mmoja anasema ningekuwa mwanachama nisingeingia chumbani mle peke yangu. Mwingine anasema kumtetea muuguzi ni kazi ya Baraza la Wauguzi, ambalo tayari tunalilipa ada. Naomba anayefahamu anieleze ni nani hasa mwenye jukumu gani, na kama chama cha kitaifa kina kazi yoyote tofauti na kuitisha migomo.

Mwakilishi wa Tawi amejibu:

Pole sana, dada. Nitaanza na huyo mwenzako aliyekuelekeza kwa Baraza, kwa kuwa kosa lake nalisikia karibu kila mwezi.

Baraza la Wauguzi la Kenya limeundwa chini ya Sheria ya Wauguzi, Sura ya 257, na kazi yake ni kusajili wauguzi na wakunga, kutoa leseni, kusimamia mafunzo na kumchukulia hatua aliyekiuka maadili. Lipo ili mgonjwa awe salama mikononi mwetu. Ada tunayolipa huko hutupa ruhusa ya kufanya kazi, na siku ukishtakiwa mbele yake, Baraza ndilo litakaloketi kwenye kiti cha hakimu, kwa hiyo usitarajie liwe pia wakili wako. Kando ya Baraza kuna chama cha kitaaluma, NNAK, kinachoshughulika na hadhi ya uuguzi, makongamano na utafiti; hicho nacho ni cha maana, lakini hakina nguvu ya kisheria ya kumkalisha mwajiri mezani kujadili mshahara wako. Nguvu hiyo inatoka kwenye Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho, kushiriki shughuli zake na kugoma, na kukipa kila chama cha wafanyakazi haki ya kujadiliana na mwajiri kwa niaba ya wote. Kwa wauguzi na wakunga, chama hicho ni KNUN, yaani Muungano wa Kitaifa wa Wauguzi wa Kenya.

Kuna jambo ambalo wengi hawaligusi. Afya iligatuliwa mwaka 2013, na mwajiri aliyekuwa mmoja akawa serikali za kaunti 47, kila moja ikiwa na bodi yake ya utumishi wa umma, bajeti yake na gavana wake. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kikazi ya 2007, mwajiri analazimika kukitambua chama pale tu kinapowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaostahili kujiunga, na kinachohesabiwa hapo ni Fomu S zilizotiwa sahihi. Kwa hiyo ile fomu uliyoiacha mezani kwa karani ilikuwa na kazi mbili: kuruhusu makato, na kukuhesabu wewe upande wa wauguzi. Ndiyo maana waajiri wengine hupenda sana kuiita karatasi ya hiari na kuipitisha haraka haraka. Kandarasi pia haikuzuii kujiunga, ingawa najua wapo wanaowaambia vijana kwamba chama ni cha waliopata ajira ya kudumu na pensheni.

Sasa tuje kwenye chumba chenye watu 5. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 (namba imegongana na ile ya Katiba, usichanganye) kinamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na kinampa mfanyakazi haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua mwenyewe wakati wa maelezo hayo. Kikao chako pengine kilikuwa cha onyo, hakikuwa cha kuachishwa kazi, na mwajiri atashikilia tofauti hiyo. Hata hivyo, mahali penye tawi lililo hai, mwakilishi huitwa hata kwa onyo, kwa sababu kila mtu anajua onyo la leo ndilo litakalotajwa kesho kwenye kuachishwa.

Nikupe mfano mmoja nilioushuhudia. Mkunga mmoja alituhumiwa kuchelewa kumpeleka mama kwenye chumba cha upasuaji, naye akaniomba niketi naye. Sikutoa hotuba. Niliomba ratiba ya zamu ya usiku ule iwekwe mezani, na ilipoletwa, jina lake lilikuwa limeandikwa katika wodi 2 kwa saa zilezile, kwa mwandiko uleule, wino uleule. Mwenyekiti aliisoma, akavua miwani, akaomba mapumziko ya chai, na tuliporudi tukawa tunazungumzia uhaba wa wauguzi. Yule mkunga angeweza kuiomba ratiba hiyo yeye mwenyewe, lakini mtu anayetetemeka hakumbuki kuomba karatasi.

Mkunga wa Siku Nyingi amejibu:

Mwakilishi ameeleza sheria vizuri, ila sheria haikunilipia kodi ya nyumba mwaka 2017.

Kwa wale waliokuwa bado shuleni: mgomo wa wauguzi ulianza tarehe 5 Juni 2017 na ukamalizika tarehe 2 Novemba, yaani miezi 5, katikati yake tukiwa na uchaguzi wa Agosti na ule wa marudio wa Oktoba. Kiini chake kilikuwa mkataba wa makubaliano ya pamoja, ule tunaouita CBA, ambao chama kilikuwa kikiwadai magavana wautie sahihi, na Tume ya Mishahara na Marupurupu ikasema gharama yake haibebeki. Kaunti niliyokuwa nikiifanyia kazi ilisimamisha mishahara yetu. Niliuza friji, kisha cherehani, na nilikuwa nikipita njia ya nyuma ili nisikutane na mama mwenye duka. Jirani yangu alijifungulia nyumbani mwezi wa Septemba, nami nilikwenda kumzalisha kwa mikono mitupu, nikiwa na uzi wa kushonea niliouchemsha na wembe mpya, kisha nikarudi kwangu nikakaa gizani kwa muda mrefu. Sijui kama nilikuwa nikivunja mgomo au la, na sikumwuliza mtu.

Tulirudi kazini kwa makubaliano yaliyogusa marupurupu ya huduma ya uuguzi na ya sare. Kufikia Februari 2019 wauguzi wa kaunti kadhaa walikuwa wamegoma tena, wakidai yaleyale yaliyotiwa sahihi mwaka 2017 yatekelezwe. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba udhaifu wetu ni kutogoma vya kutosha. Ile Sheria ya Mahusiano ya Kikazi aliyoitaja Mwakilishi inasema mkataba wa pamoja unakuwa na nguvu baada ya kusajiliwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kikazi. Karatasi ya kurudi kazini inayotiwa sahihi usiku mbele ya kamera, watu wakikumbatiana, haijafika huko. Chama cha kitaifa kinachojua kazi yake kingetumia mawakili na wahasibu wengi zaidi ya vipaza sauti, kikafuatilia kila kaunti hadi mstari wa marupurupu uonekane kwenye bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti.

Tena msisahau kwamba huduma za hospitali zimo kwenye orodha ya huduma muhimu, ambazo sheria hiyohiyo inasema hazina mgomo na kwamba mizozo yake iamuliwe na mahakama, ilhali Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Waajiri hukimbilia orodha hiyo, chama hukimbilia Katiba, na jaji hubaki katikati. Mgomo wetu karibu kila mara huanza na amri ya kuusimamisha.

Jambo la mwisho, ambalo ni la ukunga. Wewe ulikuwa na akina mama 19 peke yako, wanne wakiwa na uchungu. Hilo ndilo lililopoteza hesabu ya vichupa. Ningependa kuona mkataba wa pamoja unaotaja idadi ya akina mama kwa mkunga mmoja, na unaosema wazi kwamba muuguzi hatolewi wodini kwenda na ambulensi kabla mwingine hajaingia. Tukiwa mezani tunadai pesa kwanza, na ninaelewa kwa nini, kwa sababu pesa huonekana kwenye hati ya mshahara mwisho wa mwezi. Lakini mgonjwa hatasimama nasi katika kudai marupurupu ya sare. Katika kudai mkunga wa pili usiku, atasimama nasi.

Mtumishi wa Halmashauri amejibu:

Nawasalimu kutoka Tanzania. Nimesoma kwa makini kwa sababu kwetu hali ni tofauti kwa namna ambayo huenda ikamsaidia dada aliyeuliza.

Muuguzi wa serikali huku kwa kawaida anaangukia TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, au TALGWU kilicho cha serikali za mitaa, akiwa pamoja na madaktari, wataalamu wa maabara, makatibu na wahudumu wengine. TANNA ni chama chetu cha kitaaluma, TAMA ni cha wakunga, na Baraza la Uuguzi na Ukunga linafanya kazi ileile ya leseni na maadili aliyoieleza Mwakilishi. Suala la Fomu S kuachwa mezani kwetu lisingekuwa na uzito huo, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu ada ya uwakala: chama chenye wanachama wengi kikikubaliana na mwajiri, hata asiye mwanachama anakatwa, kwa hoja kwamba naye anakula matunda ya majadiliano. Wapo vijana wanaogundua makato ya asilimia 2 kwenye hati ya mshahara na kukasirika, halafu hawaendi kwenye mkutano wa tawi hata mara moja. Hasira yao naielewa, lakini kama unakatwa, afadhali ukatwe ukiwa na kura.

Mgomo kwetu si silaha ya muuguzi. Sheria hiyohiyo inaziweka huduma za afya pamoja na maji, umeme na zimamoto katika huduma ambazo watumishi wake hawagomi, na mgogoro unakwenda kwenye usuluhishi na uamuzi. Kwa hiyo chama kinapimwa kwa mambo madogo madogo: malimbikizo ya mshahara, kupanda daraja kulikochelewa, fedha za likizo, posho ya kuitwa kazini usiku, na kwa jinsi wajumbe wake wanavyojua kusoma bajeti kwenye baraza la wafanyakazi. Pale ndipo mwajiri hulazimika kufungua makabrasha mbele ya wawakilishi wetu, na nimewahi kuona fungu la posho ya sare likirudishwa kwa sababu muuguzi mmoja mwenye kikokotoo alijumlisha upya ukurasa wa 14. Sheria imeweka hata idadi ya wawakilishi: mahali penye wanachama zaidi ya 100 wanakuwa 15, na angalau 5 kati yao wawawakilishe wanawake. Katika kada ambayo wodi nzima ya zamu inaweza kuwa ya wanawake watupu, sharti hilo lina maana yake.

Kasoro yetu ni kwamba sauti ya muuguzi inayeyuka katika sauti ya watumishi wote. Mei Mosi ya 2025 mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Tulishangilia kama wengine, na haki ya kushangilia tulikuwa nayo. Lakini tangazo la namna hiyo ni la wote, halina nafasi ya kutaja muuguzi aliyebaki peke yake na wodi. Nawaonea wivu kidogo kwa kuwa na chama chenu wenyewe, ingawa nikimsoma Mkunga wa Siku Nyingi naona wivu huo una bei.

Sista wa Zamu ya Usiku amejibu:

Nawashukuru nyote, na Mkunga, nimekusoma mara mbili. Nimekwenda leo kwa karani kuomba Fomu S. Ilibidi aitafute kwenye droo ya chini. Swali langu kwa Mwakilishi ni kama kuna lolote linaloweza kufanywa kuhusu karatasi niliyokwisha kuitia sahihi, au nimejifunga mwenyewe.

Mwakilishi wa Tawi amejibu:

Sitakudanganya, dada: vyama vingi husita kubeba kesi iliyotangulia uanachama, na ukiwa katibu wa tawi utaelewa ni kwa nini, kwani kila mtu angesubiri mvua inyeshe ndipo anunue mwavuli. Lakini kukusaidia kuandika barua hakugharimu chochote, na barua yako ina nyama.

Tuanze na makato. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika ikiwa mfanyakazi alifanya hivyo kwa kukusudia. Mama aliyekuwa akivuja damu alipata dawa. Hakuna aliyekusudia kupoteza kitu. Tena umekiri "uzembe", na uzembe na kukusudia ni maneno mawili tofauti. Pili, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 77, inampa afisa wa kaunti asiyeridhika na uamuzi wa nidhamu nafasi ya kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90 tangu uamuzi utolewe. Umesema ni miezi miwili na siku kadhaa. Tafadhali angalia tarehe iliyo kwenye barua ya uamuzi, usihesabu kwa kichwa, na usihesabu kuanzia usiku wa tukio.

Kisha kusanya vitu vitatu kabla havijahamia kwenye stoo: ratiba ya zamu ya usiku ule, kitabu cha ambulensi kinachoonyesha saa mwenzako alipoondoka na saa aliporudi, na faili la mama aliyevuja damu, hasa karatasi ya dawa. Faili la mgonjwa usilipige picha kwa simu yako wala usitoke nalo. Liombe kwa maandishi kupitia kwa muuguzi msimamizi, ubaki na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usijitafutie kosa la pili wakati unajaribu kufuta la kwanza.

Mkunga wa Siku Nyingi amejibu:

Na yule muuguzi aliyekwenda na ambulensi umwombe aandike maelezo yake kwa mkono, leo, kabla hajaanza kuwaza nani atakasirika.

Sista wa Zamu ya Usiku amejibu:

Nimeangalia barua. Leo ni siku ya 68. Mwenzangu amekubali kuandika, na ameniambia kwamba hata yeye hajawahi kujaza Fomu S, kwa hiyo kesho tutamfuata karani tukiwa wawili. Ratiba ya zamu bado imebandikwa ukutani nyuma ya ile mpya. Nimeiona kona yake ikichungulia.